Utando wa Dhahabu na Tone la Damu

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Wengi wenu mna mzazi au jirani anayejidunga kidole kila asubuhi kupima sukari. Hii hapa ni stripu ya mashine hiyo. Ipitisheni mpaka nyuma kila mtu aione. Stripu za aina hii zina mistari ya dhahabu au paladi, utando wenye unene wa makumi ya nanometa tu, na milimita moja ina nanometa 1,000,000. Msijisumbue kuibandua mumpelekee sonara.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons, Wamarekani, walieleza namna ya kuweka kimeng'enya, protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, juu ya elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, ili kupima glukosi, ile sukari ya damu. Kimeng'enya huichukua glukosi, elektroni zinahama, na mkondo wa umeme unasema sukari ni kiasi gani. Hapo sikai.

Kinachotutoa jasho maabarani ni kuufanya utando ushike. Tunaweka kioo ndani ya chemba, tunafyonza hewa, tunaingiza gesi ya agoni kidogo, kisha tunawasha umeme. Ioni za agoni zinagonga bamba la dhahabu, atomi zinachomoka na kutua kwenye kioo. Sasa tazameni vioo hivi viwili, vyote vinang'aa sawasawa. Cha kwanza nakibandika selotepu, nakandamiza kwa kidole gumba, navuta. Mmeona? Dhahabu yote imeondoka na selotepu. Cha pili navuta hivi, na hakuna kilichobanduka. Dhahabu haiungani na oksijeni kwa urahisi, na uso wa kioo umejaa oksijeni. Kwa hiyo kile cha pili tulikitangulizia nanometa chache za titani, metali inayoshikana na oksijeni, kama fundi rangi anavyopiga andakoti. Kromi nayo hushika, ila ikipata joto hupenya ndani ya dhahabu na kuchafua vipimo, ndiyo maana mimi ni mtu wa titani.

Lakini utando unaweza kushika vizuri na bado ukadanganya. Hapa Nairobi tuko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na oksijeni hewani ina kanieneo pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Stripu zinazotumia kimeng'enya cha glukosi oksidesi huathiriwa na oksijeni: ikipungua kwenye damu, jibu huelekea kupanda.

La hatari zaidi ni upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa chache, stripu nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Sasa mfikirie mtoto mwenye malaria kali, ambaye huweza kuishiwa damu na kushukiwa sukari kwa pamoja. Mashine inaonyesha yuko sawa, kumbe anazimika.

Dawa yake iko kwenye utando uleule. Kwa leza tunachonga jozi nyingine ya elektrodi pembeni, tunapitisha mkondo geu, na ukinzani wa damu unatuonyesha wingi wa chembe nyekundu. Mashine inasahihisha jibu yenyewe. Stripu za namna hiyo zipo sokoni. Ukitumwa kununulia zahanati, kabla hujauliza bei, soma kiwango cha chembe nyekundu ambacho stripu inakimudu. Kiko kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, kwa maandishi madogo sana.