Tafuta kitovu cha wateja wako kwa Excel tu (changu kiliangukia baharini!)

Haya, mambo vipi, karibuni tena. Leo hatukaangi karanga wala hatusagi kitu, leo tunapiga hesabu. Kwa wageni: nauza unga wa lishe hapa Dar, na faida yangu inaishia kwenye bodaboda. Mzigo wote unalala kwangu Kimara. Akiagiza mtu wa Mbagala kilo mbili, nauli imeshameza kilo moja. Nataka sehemu tatu za kuweka mzigo. Wapi sasa? Ukiuliza familia, kila mtu anataja mtaa wake.

Kwanza pini. Wateja wameshakutumia lokesheni WhatsApp, unazo. Fungua kwenye ramani, shikilia kidole pale, namba mbili zinatokea, kopi, bandika. Hapa hamnihitaji, napapita. Ninazo 60, mstari wa 2 mpaka wa 61. Majina nimeyafuta kabla ya kuwasha kamera, maana pini ya mtu ndiyo nyumba yake.

Sasa hapa tulieni. Kolamu B ni latitudo, kolamu C ni longitudo. Kwa Dar, latitudo ni kama -6.8, longitudo kama 39.28. Mnaiona hiyo alama ya kutoa? Tuko kusini ya ikweta. Ukiisahau, mteja wako wa Kariakoo anahamia kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza namba, ya pili ukaiweka mbele, anaamkia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Sitanii, mara ya kwanza nilikuwa na wateja wanne Hispania, na wala sijui kama wanakunywa uji. Shida ni kwamba ramani ya Google inatanguliza latitudo, lakini faili nyingi za ramani zinatanguliza longitudo. Na seli tupu ikisomwa 0 na 0, huyo yuko majini, Ghuba ya Guinea. Kwa hiyo pitisha macho: B zote zina alama ya kutoa, C zote zinaanza na 38 au 39. Nimesema alama ya kutoa. Nitasema tena.

Tuendelee. Chagua vitovu vitatu vya kuanzia, yaani sehemu za katikati ya wateja ambako mzigo ungekaa, vya kubahatisha tu. Mimi nachukua wateja watatu walio mbalimbali: mmoja Tegeta, mmoja Mbagala, mmoja Masaki. Namba zao naziweka pembeni, J2 mpaka K4. J latitudo, K longitudo.

Kwenye D2 andika hivi:

=(B2-$J$2)^2+(C2-$K$2)^2

Huo ni umbali kutoka kwa mteja mpaka kitovu cha kwanza, ukiwa kwenye kipeo cha pili. Kipeo hatukiondoi, maana tunatafuta tu nani yuko karibu zaidi, na aliye karibu atabaki karibu. E2 ni hivyohivyo kwa kitovu cha pili, F2 cha tatu. Alama za dola ziwepo, la sivyo ukivuta fomula kwenda chini vitovu navyo vinashuka.

Kwa ndugu zetu wa London: kwetu huku digrii moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi na ya longitudo ni 110, karibu sawa, ndiyo maana sijisumbui. Kwenu ya longitudo ni kama kilometa 69 tu. Zidisheni tofauti ya longitudo kwa COS(RADIANS(51.5)) kabla ya kuipandisha kipeo, la sivyo watu wa mashariki na magharibi wataonekana mbali kuliko walivyo.

G2 inampa mteja kundi lake:

=MATCH(MIN(D2:F2),D2:F2,0)

H2 ni =MIN(D2:F2), tutaihitaji baadaye. Vuta zote mpaka 61. Safi.

Sasa wastani wa kila kundi. M2: =AVERAGEIF($G$2:$G$61,1,B$2:B$61). Ukiivuta kulia kwenda N2 unapata longitudo. M3 ni hiyohiyo, ila penye 1 weka 2, M4 weka 3, na...

Eh. Ngoja. M4 inasema #DIV/0!. Kundi la tatu halina mtu hata mmoja? Masaki yote haina mteja? Haiwezekani, jana tu nimepeleka... Subirini, msiondoke.

Jamani. Tazameni J4. Nimeandika 6.75. Alama ya kutoa iko wapi? Mimi huyuhuyu! Kitovu changu kiko Ethiopia, nani atakuwa karibu nacho? Sikati hiki kipande, kibaki hivihivi. Naweka -6.75... haya, namba zimerudi.

Hatua inayofuata: kopi M2 mpaka N4, bandika juu ya J2 mpaka K4, lakini bandika thamani tu, siyo fomula. Ukiunganisha J na M moja kwa moja, Excel italalamika kwamba fomula inajizunguka yenyewe. Ukibandika, makundi yanabadilika, wastani unasogea. Bandika tena. Tena. Mpaka zigome kusogea. Yangu iligoma raundi ya sita.

Mbinu hii wataalamu wanaiita K-means. Hiyo K ni idadi ya makundi, na unaichagua wewe. Mtafiti Stuart Lloyd aliiandika Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1957, ikaja kuchapishwa rasmi 1982. Miaka 25! Wewe unayeogopa kuposti kitu chako, sikia hiyo.

Ukianzia kwingine unaweza kupata jibu tofauti. Rudia mara tatu nne, kila mara jumlisha kolamu H, jumla ndogo ndiyo inashinda. Ila usitumie jumla hiyo kuchagua idadi ya makundi, maana ukiongeza vitovu kwa kawaida inapungua tu. Idadi muulize mwenye fremu na kodi yake.

Kingine, mteja wa mbali anavuta. Nina mmoja Bagamoyo kwenye kundi la Tegeta lenye watu kumi. Peke yake amesogeza kitovu karibu kilometa 4. Nampenda, analipa kabla ya mzigo, lakini kwenye hesabu nimemtoa.

Haya, tuweke ramani. Kitovu cha kwanza, Tegeta, sawa. Cha pili, Mbagala, sawa. Cha tatu... mnaona? -6.79, 39.30. Hiyo ni bahari, mbele ya Daraja la Tanzanite! Kundi hilo lina watu wa Masaki na watu wa Kigamboni, na katikati yao kuna maji. Kompyuta inaruka kama kunguru, boda wangu anapanga foleni ya pantoni.

Kuna wanaosema chukua mteja halisi aliye karibu na kitovu, weka mzigo hapo. Itakutoa majini, ni kweli, lakini mtu wa Kigamboni bado atavushiwa uji. Mimi nawatoa Kigamboni wawe kundi lao, na waliobaki nawapigia hesabu upya, vitovu vitatu kama mwanzo. Kigamboni nikichukua wastani wao tu, kinaangukia nchi kavu, na karibu yake kuna mteja mwenye duka la rejareja. Nimeshamtumia meseji kama atanishikia mifuko kumi.

Jedwali tupu lenye fomula liko chini ya video, bure. Unga siyo bure. Ukiagiza nitumie pini, na ukiiandika kwa mkono, mnajua ninachotaka kusema kuhusu hiyo alama.