Tunairudisha Liemba ya mwaka gani?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nashukuru kwa kualikwa. Naona mabaharia wastaafu wamekaa mstari wa mbele, nami nawapa ruhusa: nikipotoka, nikatizeni hapohapo, msingoje mpaka mwisho.

Mkataba wa kuikarabati Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, ulisainiwa mwaka 2023, na tangu hapo kila ninapopita naulizwa lini itarudi majini. Hilo waulizeni wenye mkataba. Mimi nina swali jingine, ambalo fundi na mwanahistoria hawana budi kulijibu pamoja. Meli yenye umri wa zaidi ya miaka 100, ikishavuliwa mabati yake, unairudisha iwe ya mwaka gani? Ya 1915, ilipokuwa meli ya vita ya Mjerumani? Ya 1927, Mwingereza alipoibatiza upya? Au ile ya miaka ya 1990, ambayo wengi wetu humu tumeipanda na magunia ya dagaa yametubana miguu?

Tuifuate tangu ilikotoka. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, katika karakana ya Meyer. Ikapewa jina la Graf von Goetzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1901 na 1906, yaani enzi ya Maji Maji. Wazee wa kusini wanaelewa jina hilo lina uzito gani. Baada ya kujengwa ikafunguliwa vipande, vikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, yakasafirishwa kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, kisha yakapandishwa treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, kwa hiyo mzigo huu ulikuwa miongoni mwa mizigo mikubwa ya mwanzo kabisa kupita kwenye reli ile. Miezi michache baadaye vita vikalipuka Ulaya, na meli iliyokusudiwa kubeba abiria na shehena ikajikuta jeshini kabla haijaonja maji.

Karakana ilileta watu wake watatu kuja kuiunganisha: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hao mtawakuta wametajwa kwa majina kila mahali. Mafundi wa Kihindi na Waafrika waliofanya nao kazi huishia kuitwa "wafanyakazi". Mimi nadhani wao nao wameacha saini, ila si kwenye karatasi. Wameiacha kwenye ribiti.

Naomba nikae hapa kidogo, maana vijana waliozoea mashine za kuchomelea huenda hawajawahi kuona ribiti ikipigwa. Ribiti ni kipande kinene cha chuma chenye kichwa upande mmoja. Mmoja anaipasha kwenye makaa mpaka inakuwa nyekundu. Mwingine anaichomeka kwenye tundu linalopita mabati mawili yaliyolaliana. Wa tatu anakandamiza kile kichwa kwa chuma kizito, na wa nne, upande wa pili, anagonga ncha ikiwa bado laini mpaka nayo inakuwa kichwa. Chuma kikipoa kinasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakobana mabati yashikane. Bado hujamaliza: ukingo wa bati unagongwa kwa patasi butu mstari mzima ili maji yasipate pa kupenya. Sasa rudia hivyo kwenye meli ya mita 71, chini ya jua la Kigoma. Ukimulika tochi kwa ubavu kwenye mabati ya kale utaona vichwa vya ribiti havifanani, vingine duara safi, vingine vimelala upande mmoja. Kila kimoja kilitegemea mkono wa mtu.

Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na Juni mwaka huohuo ikaanza safari. Julai, huko delta ya Rufiji, Wajerumani wakaizamisha manowari yao Königsberg baada ya kubanwa na Waingereza, lakini mizinga yake ya milimita 105 wakaiopoa. Mmoja ulisafirishwa mpaka huku bara ukafungwa kwenye Goetzen. Katika ziwa zima hapakuwa na mzinga wa kufanana nao.

Upande wa pili wa ziwa Waingereza hawakuwa na kitu. Wakaleta boti mbili za injini za petroli zilizojengwa na Thornycroft, mbao tupu, kila moja na urefu wa futi 40. Zikaitwa Mimi na Toutou. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikashushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume kule Katanga. Kutoka hapo zikavutwa kwa mitambo ya mvuke na makundi ya ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, njia ikikatwa msituni mbele yao. Kisha treni tena, kisha mto Lualaba, kisha treni ya mwisho hadi ziwani, karibu na inapoitwa Kalemie leo. Aliyeongoza msafara, Spicer-Simson, alikuwa na vituko vyake, na wapenda vituko wamemwandika vya kutosha. Mimi humkumbuka zaidi yule aliyechota maji ya kuzinyweshea boila za mitambo, yaani matangi ya kuchemshia mvuke, katika kilima kisicho na mto.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, mashua ya vita ya Wajerumani, katika pambano la takriban dakika 11. Waingereza wakaikarabati, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Fikirini jambo hilo: ndani ya wiki chache mafundi waliokuwa porini, bila karakana ya maana, waliziba matundu ya meli ya adui, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi na kuirudisha vitani. Ukarabati wa meli katika ziwa hili ulianza na kazi ya namna hiyo.

Hapa nasahihisha jambo ambalo nalisikia hata kwa waongoza watalii. Goetzen haikupigana na Mimi na Toutou. Haikurushiana nazo risasi hata siku moja. Spicer-Simson aliiona, akapima mzinga ule, akaamua kutoisogelea. Kilichoimaliza Goetzen ni vita vya nchi kavu. Mzinga wake uliondolewa ukapelekwa kwa jeshi, pakabaki wa bandia wa mbao wa kutishia. Ndege za Wabelgiji zikaanza kudondosha mabomu bandarini Kigoma, na reli ikawa inaelekea kukatwa. Amri ikatoka: meli izamishwe.

Nami huona kwamba pale ndipo palipo na jambo kubwa kuliko mizinga yote. Mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha ndio walioijenga. Wakaipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Anayetaka meli isitumike na adui huweka baruti kwenye boila, basi. Hawa waliiweka akiba.

La pili la kusahihisha: husemwa ilikaa chini ya maji miaka minane mfululizo. Si hivyo. Wabelgiji waliiibua mwaka 1918 wakaileta Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena ikiwa imefungwa. Kwa hiyo ilizama mara mbili, mara ya kwanza kwa hiari ya fundi, mara ya pili kwa upepo. Kwa mkarabati tofauti hii ni kubwa. Meli iliyopanda na kushuka, ikakutana na hewa, ikarudi majini, hupata kutu ya aina nyingine kabisa kuliko iliyotulia mchangani.

Waingereza waliiibua Machi 1924. Wakakuta injini na boila bado vinafaa. Grisi ilisaidia, bila shaka, lakini msisahau ziwa lenyewe. Maji ya Tanganyika ni baridi, yaani hayana chumvi ya bahari inayokula chuma. Lau ingekuwa imelala Kilindini au bandarini Dar kwa muda ule, tungekuwa tunazungumzia mabaki. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone aliandika kwamba wenyeji walilitumia kwa ziwa hili.

Baada ya hapo ni miaka ya kazi, na kazi haiandikwi sana. Kigoma hadi Mpulungu, kupitia Karema, Kipili, Kasanga na vijiji visivyo na gati, ambako honi inalia usiku na mitumbwi inajaa ubavuni, mama anapandishwa kwa kuvutwa mkono, mtoto anarushwa kwa baharia, kuku anafuata. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa zikawekwa za dizeli. Mwaka 1993, kwa fedha za Denmark, ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa na uwezo wake ukafikia abiria 600 hivi. Mwaka 1997 ilishiriki kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwatoa wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama ufukweni kwa maelfu, na kwa kuwa Kagunga hakuna gati, watu walipelekwa melini kwa boti ndogo, kama ilivyo desturi yake.

Sasa turudi kwenye swali. Wapo wanaotaka mwaka 1915: jina la Kijerumani ubavuni, mzinga wa mfano omoni kule mbele, watalii wapige picha. Naelewa, biashara ni biashara. Lakini hesabuni wenyewe. Kwa jina la Goetzen ilisafiri tangu Juni 1915 hadi Julai 1916, miezi kumi na mitatu. Kwa jina la Liemba ina miaka zaidi ya 90. Ukiipaka rangi ya ile miezi kumi na mitatu, unawafuta manahodha, wapishi, makuli na abiria wote waliofuata, na unamrudishia heshima gavana wa Maji Maji. Tena isingekuwa kweli hata kiufundi, kwa sababu injini za 1915 hazimo tena, na sehemu kubwa ya vyumba vya juu ni ya baadaye. Kilichobaki cha 1915 ni umbo la chini: mkuku ulio uti wa mgongo wa meli, mataruma yaliyo mbavu zake, na mabati yaliyopigwa ribiti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Juu, ifanyeni iwe meli ya leo bila aibu: maboya ya kutosha, vyoo vya maana, redio, vifaa vya kuzimia moto. Abiria wa Ikola hana deni na historia, anataka kufika. Chini, muwe wagumu. Kila bati lipimwe unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kabla ya mtu kushika gesi ya kukatia. Lililo hai libaki hata kama ni baya kwa sura.

Na pale ambapo lazima bati libadilishwe, tahadhari na kuchomelea. Joto linapanua chuma cha jirani, kikipoa kinavuta, na ribiti za mstari wa karibu zinalegea. Unaziba tundu hapa, maji yanaanza kuvuja mita mbili mbele, mahali ambapo hukupagusa. Kisha anakuja mtu na kuchomelea juu ya kichwa cha ribiti inayovuja, na tatizo linasogea tena. Nimeona mashua za chuma zilizouawa hivyo, na waliofanya walilipwa. Kama hakuna anayeweza kupiga ribiti, afunzwe. Si elimu ya siri. Na bati jipya ligongwe mhuri wa mwaka lilipowekwa, upande wa ndani, ili atakayekuja baada yetu asihangaike kukisia.

Kuhusu nyaraka: ziko zimetawanyika. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Kijerumani. Za wanamaji wa Uingereza ziko Kew, London, za jeshi la Ujerumani ziko Freiburg. Zote hizo zinaeleza vita kwa kina na kazi kwa ufupi. Mtu anaweza kujua mzinga ulifungwa lini, asijue sitaha ya nyuma ilifunikwa lini, wala boila ya mwisho ilipelekwa wapi. Majibu ya namna hiyo yamo kwenye masanduku ya nyumbani Kigoma, Ujiji na Mwanga: picha ya harusi iliyopigwa melini, tikiti ya daraja la tatu, cheti cha kazi cha baba aliyekuwa grisimani chini kule.

Nina skana hapa mezani. Picha hazibaki kwangu. Unakaa, naichanganua, unaondoka nayo. Nazitafuta hasa za kabla ya miaka ya 1970 zinazoonyesha bomba la moshi na chumba cha injini, na za upande wa tezi, yaani nyuma, maana huko ndiko mabadiliko yamekuwa mengi na ushahidi haba. Mwenye nayo apite kulia, mwenye swali ainue mkono.