Mnyonya Damu Akipenda: Mhadhara kwa Waandishi wa Tamthilia, Kampala

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kunialika, na asanteni kwa kukubali nizungumze Kiswahili hapa Kampala, ingawa huko nyuma naona watu wameshaanza kucheka.

Swali mlilonipa ni hili: katika tamthilia ya wanyonya damu, mapenzi yapewe nafasi kiasi gani, na mambo mengine ya wahusika kiasi gani? Mnauliza kama wapimaji wa mchele na maharage. Mimi sipimi hivyo. Nikisoma muswada naangalia jambo moja tu: haya mapenzi yanamlazimisha huyu mtu achague nini? Kama hayamlazimishi kitu, hata busu moja limezidi.

Chukueni Buffy the Vampire Slayer, iliyorushwa Marekani kuanzia 1997 hadi 2003. Buffy ni binti wa sekondari mwenye kazi ya kuua wanyonya damu, na amempenda mmoja wao, Angel. Huyu alirudishiwa roho kwa laana ili ajutie maovu yake, ila laana ina sharti: akionja furaha kamili, roho inamtoka. Msimu wa pili wanalala pamoja. Buffy anapomkuta baadaye chumbani kwake, jamaa anamjibu kwa dharau, kana kwamba ulikuwa usiku wa kupita tu. Meno hayajatoka, hakuna tone la damu, na bado ni tukio la kutisha kuliko mapigano yote ya msimu ule. Dada zetu waliowahi kuamkia maneno ya aina hiyo hawahitaji maelezo.

Halafu mwisho wa msimu huohuo. Angel amefungua mlango wa kuzimu, na damu yake tu ndiyo inayoweza kuufunga. Rafiki wa Buffy anafaulu kumrudishia roho, lakini mlango umeshaanza kufunguka. Angel hakumbuki kitu, anamkumbatia mpenzi wake. Buffy anambusu, anamwambia afumbe macho, anamchoma upanga. Nionyesheni hapo mapenzi yanaishia wapi na mhusika anaanzia wapi.

Sasa The Vampire Diaries. Msinifiche, wengi mmeitazama. Ilianza 2009, ikaenda misimu 8 hadi 2017: binti aitwaye Elena katikati ya ndugu wawili wanyonya damu, Stefan na Damon. Msimu wa televisheni ya Marekani enzi hizo ulikuwa na vipindi 22 hivi, na pembetatu ya mapenzi ni mgodi kwa mwandishi mwenye vipindi vingi vya kujaza. Leo huyu, kesho yule. Msimu wa nne Elena mwenyewe amekuwa mnyonya damu, na wanatuambia damu ya Damon iliyomgeuza imemfunga amtii. Je, anampenda au ametiwa kamba? Swali zuri, lakini kwa maoni yangu lilitumika zaidi kuchelewesha mambo, na binti wa watu akanyang'anywa uamuzi wake.

Ila niwe mwadilifu, kifungo hichohicho kilizaa tukio ninaloliheshimu sana. Mdogo wake Elena ameuawa, naye majonzi yamemzidi. Damon, kwa kumhurumia, anamwamuru azime hisia zake. Anazizima palepale, uso unakuwa mkavu, na anaiteketeza nyumba ya wazazi wake. Mwanamume ametumia mapenzi kumwondolea mpenzi wake utu. Hapo nilikaa wima.

Turudi nyumbani. Enzi za ukoloni watu wa Kampala waliwaogopa bazimamoto, wale walioaminika kukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo kutoka Afrika Mashariki na Kati na kuzichapisha katika kitabu mwaka 2000. Mnyonya damu wa Ulaya ana jumba na ukoo. Huyu wetu ana mwajiri. Kwenye masimulizi anafanya kazi ya mshahara, na damu wala si yake, anaipeleka kwa wakubwa. Sijui kwa nini mnahangaika na makoti marefu meusi kwenye joto hili wakati mna mtu kama huyo.

Mpeni mke. Mpeni mke anayempenda kweli, anayeuliza fedha za mabati mapya zimetoka wapi, na kwa nini jirani aliyepotea alionekana mara ya mwisho karibu na kazini kwa mumewe. Akisema ukweli, anampoteza mke. Akinyamaza, mke ataendelea kumpenda mtu ambaye hayupo. Mna msimu mzima hapo, na mtu hajaruka angani.

Na hili la kuruka angani lina bajeti yake. Moto, usiku, jenereta, vijana wa kupigana, vyote vinakula hela. Watu wawili mezani ni bei nafuu, ndiyo maana waandishi wengi hukimbilia mapenzi. Nawaelewa. Lakini kumbukeni kazi yenu ikifika kwenye kibanda cha kuonyeshea video, VJ, yule msimuliaji wa filamu, ataitafsiri kwa Kiganda na kuongeza vichekesho vyake juu ya maneno yenu matamu, na watu watacheka. Kwa hiyo yule mke asilie wala asihubiri. Aweke chakula, akae, amuulize mumewe zile fedha za mabati, kisha amtazame mpaka ajibu.

Haya, maswali. Dada mwenye kitambaa cha njano, umenyoosha mkono zamani.