Mifumo Miwili, Saa Moja

Ndugu zangu, nianze na saa. Mtu ameweka mifumo endeshi miwili kwenye kompyuta moja, Linux kando ya Windows, ameshinda Linux kutwa nzima, kazima. Kesho yake anawasha Windows, anakuta saa iko nyuma kwa masaa matatu. Anairekebisha. Akirudi Linux, huko nako saa imeruka mbele. Basi lawama zote zinaangukia ile betri ndogo ya kwenye ubao mkuu, na betri masikini haina kosa.

Chipu ya saa inatunza tarakimu tu. Haijui iko nchi gani. Windows huandika humo saa za mahali ulipo. Linux huandika saa za dunia, UTC, kisha hujumlisha yenyewe tofauti ya masaa. Kila mmoja anasoma alichoandika mwenzake na kukielewa kwa namna yake. Dawa ni amri moja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Linux itanung'unika kidogo, lakini itatii.

Nimeanza hapo kwa sababu wengi huogopa siku ya kusakinisha, na kusakinisha ndiyo kazi nyepesi. Usumbufu uko kwenye vile vitu ambavyo mifumo hii inavitumia kwa pamoja.

Chukueni suala la kuwaka. Kwenye mashine za zamani, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512: 446 za programu ya kuwashia, 64 za jedwali la patisheni nne (yaani vipande vinne vya diski), na mbili za alama. Programu ya kuwashia inakaa moja tu hapo, kwa hiyo anayekuja mwisho humfuta aliyetangulia. Windows ilikuwa inafuta bila hata kuuliza, ndiyo maana wazoefu husema Windows kwanza, Linux baadaye. Mashine za UEFI, yaani zenye utaratibu mpya wa kuwasha, zina patisheni ndogo ya muundo wa FAT32 ambamo kila mfumo una folda yake. Ukisasisha Windows na menyu ya GRUB, programu ya kuwashia ya Linux, ikatoweka, usisakinishe upya. Mara nyingi ni mfuatano tu wa kuwaka uliobadilika: ingia kwenye mipangilio ya UEFI, uirudishe Linux juu.

Sasa jambo lililonitia hasara mimi mwenyewe. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kuzima si kuzima. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup: Windows inahifadhi kiini chake kwenye diski na kulala, huku patisheni yake ikiwa bado wazi. Linux ikiikuta hivyo, hukuruhusu kusoma tu. Mimi nikajifanya mjuaji, nikalazimisha kuandika, nikahamishia humo folda nzima ya picha. Windows ilipoamka iliendelea na kumbukumbu zake za jana, na picha hazikuonekana tena. Siku hizi, kabla ya chochote, naandika amri hii upande wa Windows kuzima kulala huko: powercfg /h off.

Na kama umewasha BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 mahali nje ya kompyuta hiyo kabla hujagusa Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua programu za kuwashia.

Wenye kuhitaji programu moja tu mara moja kwa wiki, msigawe diski. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya mfumo mlio nao, inawatosha, mradi RAM si ya kubana. Kwenye GB 4 mtakaa mkiangalia kishale kinazunguka.

Ndugu wa pale nyuma ameuliza: nikichoka na Linux, naweza kufuta patisheni yake nikiwa Windows? Inafutika, tena dakika haiishi. Ila kama mashine ni ya zamani, GRUB imebaki sekta ya kwanza na mafaili yake umeyafuta. Utawasha ukute skrini nyeusi na maneno mawili: grub rescue. Kwa hiyo rudisha kwanza mwasho wa Windows kwa flashi yake ya kusakinishia, kwa amri ya bootrec /fixmbr, ndipo ufute.