Kabla Hujauza Korosho Ukaweke Vinia za Meno

Mtwara kuchele! Na nyie wa Lindi, hamjambo? Leo sina muziki wala mapambo, naingia moja kwa moja kwa sababu mmenichosha. Nikiweka video ya bei za vyumba, ya baridi, ya mabasi, chini yake nakuta swali lilelile: "Dada, vinia za meno huko kwenu shilingi ngapi? Msimu wa korosho ukifika nataka nipendeze." Nikinyamaza, naringa. Nikitaja bei, najishaua. Nikisema zina matatizo, nawabania wenzangu. Basi leo najibu, atakayenuna anune. Vinia ni kifuniko chembamba, mara nyingi cha kauri, kinachogandishwa mbele ya jino.

Kazi yangu hapa Uingereza ni usaidizi wa daktari wa meno. Mimi ndiye nashika mrija wa kunyonya mate, nachanganya dawa, napanga vifaa. Daktari si mimi, na kila kinywa kina mambo yake, kwa hiyo ninayosema hapa usiyachukue kama cheti. Na kabla hamjauliza: meno haya ni yaleyale yaliyoniota Chikongola, na mwanya wangu ninao.

Kosa la kwanza, na ndilo linalozaa mengine yote, ni kudhani vinia inabandikwa juu ya jino kama kucha ya bandia, ukiichoka unaibandua, jino lako linarudi kama lilivyokuwa. Halirudi. Mara nyingi daktari anapunguza enameli (ganda gumu la nje) ya mbele ya jino kati ya milimita 0.3 na 0.7 ili vinia ipate nafasi. Enameli haioti tena. Mabibi na mababu zetu wa Kimakonde waliochonga meno walilijua hilo bila kukaa darasani. Ukishachongwa, utaishi na kitu juu ya jino hilo maisha yako yote, hiki kikichakaa kinawekwa kingine. Za kuvua zilikuwepo zamani: daktari wa meno Charles Pincus kule California, miaka ya 1920 mwishoni na 1930, aliwabandikia waigizaji wa filamu kwa muda tu, kamera ikizimwa zinatolewa. Zinazokaa zilikuja baadaye sana. Mtafiti Buonocore alionyesha mwaka 1955 kwamba enameli ikipakwa tindikali inashika resini (plastiki inayoganda), na kauri ikaanza kubandikwa kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa wapo wanaotangaza vinia za kutochonga kabisa. Zipo kweli, nyembamba za karibu milimita 0.3, na zinamfaa mwenye meno madogo au yaliyorudi ndani kidogo. Mwenye meno ya kawaida au yaliyochomoza, ukimwongezea kauri bila kupunguza kitu, mdomo unajaa, midomo haifungi vizuri, na pale kauri inapokutana na fizi panabaki ukingo wa kukusanya uchafu. Miezi michache fizi nyekundu.

Kinachonitisha zaidi ni vifurushi vya bei nafuu vya kusafiri. Unaona tangazo: meno 20, hoteli, gari la kukupokea uwanja wa ndege, tabasamu jipya kwa wiki moja. Muulize mwenye tangazo kwa maandishi: unaniwekea vinia au krauni? Krauni ni kofia ya jino zima, jino linachongwa pande zote mpaka linabaki kijiti. Kwa jino lililooza sana au lililotibiwa mzizi, krauni ni tiba halali. Kwa jino zima la kijana wa miaka 24 ni hasara tupu, maana jino lililochongwa hivyo liko karibu zaidi na kupoteza uhai wa ndani, na hapo unaingia matibabu ya mzizi, jino moja baada ya jingine. Dalili moja ya kukufungua macho ni neno zirkonia. Zirkonia ni ngumu sana, lakini haina kioo ndani yake, kwa hiyo tindikali inayotumika kwenye kauri ya vinia haiikwaruzi ili gundi ishike vizuri. Ndiyo maana mara nyingi ukiambiwa "vinia za zirkonia meno 20", kinachokuja ni kofia.

Kazi yenyewe inavyokwenda, kwa daktari asiye na haraka: siku ya kwanza ni eksirei, kupima fizi, kuangalia unavyong'ata, picha, na kipimo cha meno. Fizi zikitoka damu, safari inaishia hapo mpaka ugaga uondolewe na fizi zipone. Ukitaka meno yako mengine yang'arishwe, yang'arishwe kabla, kisha usubiri kama wiki mbili, kwa sababu mabaki ya oksijeni ndani ya enameli yanadhoofisha gundi. Kauri yenyewe haing'arishwi baadaye. Rangi uliyochagua ndiyo hiyo, na meno ya jirani yakififia na chai ya rangi utaonekana umevaa vya watu.

Halafu kuna hatua ambayo wengi wanaruka ili kuokoa muda: maabara inachonga umbo kwa nta, daktari analihamishia mdomoni mwako kwa plastiki laini, unajitazama na kuzungumza kabla hujachongwa chochote. Mwambie akuache useme "fedha", "vitunguu", "Fatuma kafika". Ncha za meno ya juu zinatakiwa ziguse mdomo wa chini kidogo tu unapotamka F na V. Zikiwa ndefu mno utapuliza hewa kila ukisema fedha. Hapo marekebisho ni dakika chache. Kwenye kauri ni pesa.

Kuchonga kunafuata, kwa sindano ya ganzi ikihitajika, kwa keekee ndogo zenye kina maalumu ili asizidishe. Anachukua kipimo, anakuwekea vinia za muda, na maabara inahitaji kama wiki mbili.

Siku ya kubandika ndiyo siku yenyewe. Kwanza zinajaribiwa kwa gundi ya majaribio, ile inayooshwa kwa maji. Kama rangi huipendi, sema hapohapo, usione haya. Kisha upande wa ndani wa kauri unapakwa tindikali ya haidrofloriki, kwa kauri ya aina ya lithiamu disiliketi ni kama sekunde 20, inaoshwa, inapakwa saileni (kiunganishi cha kauri na gundi). Jino lako linapakwa tindikali ya fosforiki ya asilimia 37 hivi, sekunde 15 hadi 30, likikaushwa linapauka na kupoteza mng'ao. Tone la mate au la damu likigusa hapo, hatua inaanza upya, ndiyo maana mrija wangu hautoki mdomoni mwa mtu. Gundi inawekwa, vinia inakalishwa, taa ya buluu inapigwa sekunde mbili tatu ili igande nusu tu. Gundi iliyotoka pembeni inakwanguliwa, uzi unapitishwa katikati ya meno, ndipo taa inarudi kumalizia. Gundi ikiachwa chini ya fizi, fizi inavimba na pumzi inanuka, na mwenyewe unaenda kulalamika kwamba vinia "zimeoza". Kauri haiozi. Kinachooza ni jino pale ukingoni.

Na kumbuka gundi inashika enameli vizuri kuliko dentini iliyo chini yake. Aliyechongwa kupita kiasi ndiye vinia zake zinadondoka, na ndiye anayeruka na maji baridi.

Tuje kwenye hela, najua ndicho mlichokisubiri. Hapa, kwa daktari binafsi, vinia moja ya kauri kwa kawaida inaanzia pauni 500 hadi 1,000. NHS, huduma ya afya ya serikali, hailipii urembo. Meno manane kwa pauni 700 ni pauni 5,600, na pauni ikiwa shilingi 3,000 na ushee, umevuka milioni 16. Sijisifu, sina hiyo pesa. Za kompositi, yaani resini ya rangi ya jino, ambazo daktari anazijenga mdomoni kwa mkono siku hiyohiyo, ni nafuu, huenda nusu au chini, na mara nyingi zinachonga kidogo au hazichongi kabisa. Lakini zinashika rangi ya kahawa, tambuu na sigara, zinameguka, na tegemea miaka 5 hadi 7. Kauri tegemea miaka 10 hadi 15 ukiitunza. Kwa hiyo anayeweka kauri akiwa na miaka 25, mpaka afike 65 hiyo bili atakuwa ameilipa upya labda mara tatu. Bei ya mwanzo mnaiulizia sana. Hiyo ya pili hakuna aliyewahi kuniuliza.

Makaratasi nayo ni adhabu ya peke yake. Kliniki za hapa zinakwambia lipa kidogokidogo bila riba, ukijaza fomu wanachunguza historia yako ya madeni na anwani zako za miaka mitatu nyuma, na mgeni aliyehamahama vyumba anakataliwa na kompyuta, hakuna hata mtu wa kumnung'unikia. Kuna kliniki, siitaji, ilinidai pesa ili inipe nakala ya eksirei yangu mwenyewe, wakati sheria ya taarifa binafsi ya hapa inanipa nakala hiyo bure, na wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Barua nne. Mimi ninayefanya kazi hiyohiyo! Bado inaniuma, tuendelee.

Garantii pia isomeni. "Miaka mitano" mara nyingi maana yake ni kwamba kauri mpya utapewa bure, lakini viza, tiketi, malazi na siku za kazi ulizokosa ni juu yako. Na daktari wa nyumbani ana haki ya kusita kugusa kazi ambayo hajui ilibandikwaje.

Wa kwetu hesabu ni hiyohiyo hata ukienda Dar tu. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, na kazi hii si ya safari moja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga, hebu fikiria mtu aliyekuwa Newala na vinia za muda mdomoni. Zile ni za wiki chache. Zikikaa zaidi zinavuja, meno yaliyochongwa yanasogea kidogo, na kauri iliyokwisha kutengenezwa haikai tena. Masika usianze kuchongwa kama hujajua utarudije.

Zikishakaa, kula unakula. Ila mua usiung'ate kwa meno ya mbele, ukatwe vipande na utafune pembeni. Embe bichi vilevile. Soda haifunguliwi kwa meno, na hilo hata asiye na vinia nampigia magoti. Mfupa wa kichwa cha changu waachie wengine. Anayesaga meno usingizini (muulize mwenzako, anajua) atengenezewe kinga ya kulalia, la sivyo ataamka na kipande cha kauri kwenye mto. Mswaki mara mbili, uzi kila siku, dawa ya meno yenye floridi isiyokwaruza. Mkaa wa unga, hapana.

Sasa hawa wa kucha na kope wanaobandika vinia saluni: hapa Uingereza ni kosa la jinai mtu asiyesajiliwa na General Dental Council (baraza linalosajili wahudumu wa meno) kufanya kazi hiyo. Kwetu, muulize anayekuhudumia namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Akikasirika, umepata jibu. Na zile za plastiki za kuchemsha na kujipachika zinazouzwa mtandaoni, piga nazo picha uvue. Ukizilia chakula zinafungia mabaki juu ya jino siku nzima. Anayezigandisha kwa supaglu, sina la kumwambia.

Wengi wenu mnaoniandikia hamhitaji vinia, na hapa ndipo mtanitukana. Mwenye ugaga anahitaji kusafishwa. Mwenye meno yaliyopindana anahitaji waya, hata kama ni mwaka mzima na zaidi. Mwenye meno ya manjano tu aanze na kung'arisha kwa daktari, na hapa daktari mwenyewe haruhusiwi kuzidisha peroksaidi (dawa ya kung'arishia) asilimia 6. Kujisugua limau na magadi acheni, tindikali ya limau inamomonyoa enameli. Wenye madoa ya kahawia ya floridi, kama shemeji zetu wa Arusha, madoa yakiwa mepesi kuna kusuguliwa kwa dawa maalumu au kujazwa resini, yakiwa mazito ndipo vinia inaingia kwenye mazungumzo. Walio chini ya miaka 18 wasubiri, ndani ya jino sehemu ya neva bado ni kubwa na fizi bado zinahama. Na wa mwanya, mwanya ulitajwa kwenye nyimbo za harusi kabla ya simu kuwa na kamera ya mbele, lakini kinywa ni chako.

Aliye Mtwara aanzie kitengo cha meno pale hospitali ya Ligula, wa Lindi aanzie hospitali ya Sokoine, apimwe fizi na atazamwe eksirei, aondoke na majibu kwa maandishi. Bima usiitegemee kwa urembo. Ukifika kwa daktari wa vinia mwulize utapunguza milimita ngapi, ni kauri gani, nitajaribishiwa umbo kabla ya kuchongwa, na moja ikidondoka mwakani nani analipa nini.

Na tafadhali, msinitumie picha za midomo wazi saa nane za usiku. Picha ya simu haionyeshi mfupa wala mzizi, siwezi kusema kitu. Video ijayo ni ya waya za meno kwa watu wazima, maana na hilo nalo mmeshaanza.