Msaidizi Naye Atakaa Chumba Gani?

Mwenyekiti, ahsante. Sitaanza na Katiba. Kifungu cha 43, kile cha haki ya makazi, mnakijua, na wengi wenu mmenisikia nikikisoma hadi mmechoka nacho. Leo nina swali moja tu: mtu mzima mwenye ulemavu akishapewa nyumba, nani atamsaidia kuishi ndani yake?

Kila nikiuliza hivyo kwenye mikutano ya nyumba za bei nafuu, najibiwa kwa rampu, ule mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu. "Tumeweka rampu, mwalimu." Vizuri. Kanuni yake ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inataka rampu ya mita 1.8. Nyingine nilizoziona zinafaa kuteremshia mapipa. Na ukishapanda, mlango wa choo hauingizi kiti! Kiti cha magurudumu kinataka uwazi wa kama sentimita 80, fundi ametia mlango wa 60. Lakini hayo ni mambo ya saruji na mbao, yanarekebishika.

Ninalolilia mimi ni mtu. Kuna kijana hapo ng'ambo, Likoni, hapa Mombasa. Nasema kijana, lakini ni mtu mzima wa miaka 30 na kitu, ana ulemavu wa akili na kifafa. Mama yake alipokuwa hai, kijana alikuwa akiamka mwenyewe, akioga, akienda dukani kununua mkate. Mwenye duka anamjua. Akipewa noti ya mia anamrudishia chenji yake kamili. Jioni anakaa barazani na wazee wa dhumna, nao wamemzoea na kelele zake. Alichohitaji kwa mtu mwingine ni dawa asubuhi na jioni, na jicho kwenye mtungi wa gesi. Basi.

Mama akafariki. Nduguze, na ni watu wema, sitaki mtu atoke hapa akiwasengenya, wakagawana: miezi mitatu Changamwe, mitatu Mtwapa, mitatu kwa dada yao Voi. Nyumba ya mama ikapangishwa. Sasa yule bwana anaishi na begi. Kule Voi alichukua mkate dukani kama alivyozoea, hawamjui, wakampiga wakidhani mwizi. Tangu hapo anafungiwa ndani, eti kwa usalama wake.

Najua mzee mmoja hapo nyuma anasema moyoni: sisi si Wazungu, mtu wetu hulelewa na familia. Mzee wangu, nakubali. Ila familia hiyo mara nyingi ni mama peke yake, na mama anazeeka. Na ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, kifungu cha 19 hakimtoi mtu kwao. Kinasema achague akae wapi na nani, na apate msaada huko huko alipo. Kijana wetu mngemuuliza, angebaki Likoni. Hakuulizwa.

Tena hapa pwani nyumba tunazo! Nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ua na choo nyuma, baraza mbele. Kodisheni vyumba viwili kwa watu wenye ulemavu, kimoja mpeni msaidizi anayelipwa, vinavyobaki wakae wapangaji wa kawaida. Wakae, nasisitiza, maana mkijaza watu wenye ulemavu watupu mmejenga bweni. Panueni mlango wa choo, tieni choo cha kukalia, fungeni vyuma vya kushikia. Mtaniambia mwenye nyumba hana pa kukopa, kwa kuwa Mombasa nyumba huwa yako na ardhi ya mwingine, na benki inataka hati. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema pesa za ukarabati zitoke serikalini.

Na zipo. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mshahara unakatwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza 1.5. Kwa sehemu kubwa tunajenga maghorofa ya watu kununua polepole. Hata ngazi ya chini kabisa, ya wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, inamfikiria mtu anayepata. Kijana wetu ana zile 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, zikija. Nani hapa anamlipa dada wa kazi 2,000 kwa mwezi? Inueni mikono. Haya.

Marekani wana mpango uitwao Section 811, sheria yake ni ya 1990: mpangaji hutoa kama asilimia 30 ya kipato chake, serikali hujaza pengo. Kwa kijana wetu hiyo ni 600. Tafuteni chumba cha 600 Likoni, mniite; mkikikosa, hilo ndilo pengo la serikali kujaza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya mafunzo ya wasaidizi, tutaacha. Ila hili liandikwe: mkataba wa chumba uwe wa mpangaji mwenyewe, na wa msaidizi uwe mkataba mwingine, ili msaidizi akiwa mkali au mwizi afukuzwe yeye, mwenzake abaki na chumba chake.

Naona mhandisi wa kaunti ameinua mkono tangu niliposema choo. Mpeni kipaza sauti.