Beji ya Bati na Meza ya Askari

Mabibi na mabwana, beji ninayoomba tuitazame jioni hii si nishani ya ushujaa. Ni kipande cha bati cha mviringo, kilichovikwa karatasi yenye picha na kufunikwa kwa seluloidi nyembamba inayong'aa, na nyuma yake kuna pini ya kukibana kifuani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, beji za namna hii ziliuzwa barabarani katika miji mingi ya Australia, ili zipatikane fedha za kuwatunza askari.

Tukae Adelaide, mji mmojawapo wa miji hiyo. Mwaka 1914 vijana walijiandikisha jeshini na kupiga kambi Morphettville, wengi wao wakiwa mbali na mama na dada zao. Bibi Alexandrine Seager aliuona upweke wao, na Novemba mwaka huohuo akaanzisha Cheer-Up Society, yaani Chama cha Kuchangamsha, kilichoendeshwa na wanawake wa kujitolea. Mwaka uliofuata chama kilifungua ukumbi wake, Cheer-Up Hut, karibu na stesheni ya reli, ambako askari alipata chakula, burudani na mahali pa kukaa akaandika barua ya nyumbani. Kwa maoni yangu, kilichomfaa zaidi ni kule kujuliwa hali na mtu ambaye hakuwa na amri yoyote ya kumpa.

Chakula hicho kilikuwa na gharama, na hapo ndipo beji ilipofanya kazi yake. Tarehe 2 Julai 1915 iliadhimishwa Siku ya Urujuani ya kwanza, ambapo maua ya urujuani na beji viliuzwa kwa ajili ya kuwakumbuka waliokufa na kuwahudumia walio hai. Ua lilinyauka kabla ya usiku, lakini beji ilibaki kwenye koti, ikishuhudia kwamba mwenye koti ametoa, na aliyepita bila beji alijikuta akipapasa mfuko kabla hajaombwa. Siwalaumu wanawake wale kwa kuitumia haya ya watu namna hiyo, kwa maana kila senti ilikuwa na mdomo uliokuwa ukiisubiri.

Bibi Seager mwenyewe alikuwa na wana watatu jeshini, na mmoja wao, George, aliuawa vitani Gallipoli, huko Uturuki. Hata baada ya msiba huo aliendelea kuwaandalia meza watoto wa wenzake.